Sauti Mbili Katika Gitaa la Besi



Katika bendi nyingi za dansi kuna magitaa ya aina tatu. Kuna solo, kuna rithimu, na kuna besi. Solo ndilo linalolia juu, na ndilo watu wanalolishangilia. Rithimu hupiga sauti nyingi kwa pamoja na kuujaza wimbo katikati. Besi ni gitaa lenye shingo ndefu na nyuzi nne nene. Sauti yake ni nzito sana. Mara nyingine huisikii kwa masikio. Unaisikia kifuani, au kwenye benchi ulilokalia.

Kwa desturi besi hupigwa sauti moja moja. Mpigaji anapiga uzi mmoja, anauzima, kisha anapiga mwingine. Kazi yake ni kutembea chini ya wimbo na kuwaonyesha wengine njia. Wapigaji wengi hufanya hivyo maisha yao yote, nao ni wapigaji wazuri.

Mimi nataka kukueleza jinsi ya kupiga sauti mbili kwa mara moja katika gitaa hilo hilo. Jambo hili linawezekana. Lakini lina masharti yake, na ukiyavunja wimbo unaharibika.

Pengine utasema, "Mimi sina gitaa. Habari hii ni ya nini kwangu?" Tafadhali usifunue ukurasa mwingine. Kama unaimba kwaya, habari hii inakuhusu. Na kama huimbi kwaya, unayo masikio. Utaweza kujaribu mambo haya hapo ulipo, kwa koo lako na la jirani yako.

Kwanza nikuambie kwa nini nililazimika kujifunza. Mimi napiga besi katika kikundi cha kijiji chetu, mkoani Morogoro. Huu ni mkoa wa muziki tangu zamani. Hapa ndipo alipokuwa Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba. Hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipopiga solo katika Morogoro Jazz, kabla ya kuanzisha bendi yake mwenyewe. Kikundi chetu ni kidogo. Tunapiga katika harusi, katika sikukuu ya Nane Nane, na watu wanapomaliza kuvuna. Pesa tunagawana, na fungu moja linabaki kwa ajili ya vyombo.

Tulikuwa watu watano. Mwaka 2019 mwenzetu wa rithimu alikwenda mjini kutafuta kazi. Gitaa lilikuwa mali yake, akaondoka nalo. Hatukumlaumu. Mtu na mali yake.

Lakini wimbo ulibaki na shimo. Solo lililia huko juu peke yake. Besi ilinguruma huku chini peke yake. Katikati palikuwa patupu. Ilikuwa kama nyumba yenye paa na msingi, lakini haina kuta. Mwimbaji wetu alianza kupotea. Alikuwa amezoea kuegemea rithimu, na sasa hakuwa na cha kuegemea.

Tukafanya kikao. Mweka hazina wetu alitoa shauri. Alisema tuuze gitaa la besi, tuongeze pesa kidogo, tununue kinanda chenye ngoma ndani yake.

"Kinanda kimoja kinafanya kazi ya watu watatu," alisema.

Mweka hazina hakusema hivyo kwa ubaya. Harusi mbili zilikuwa zimetupita. Wenye harusi walimchukua kijana mwenye spika mbili na simu yenye nyimbo. Kijana huyo hutoza nusu ya bei yetu, na hali chakula cha watu watano.

Mpiga tumba wetu ni mzee wa miaka zaidi ya sitini. Alikuwa kimya muda wote. Halafu akauliza, "Kinanda kikipiga ngoma, mimi nitashika nini?"

Hakuna aliyemjibu. Mwisho tulikubaliana kwamba kitu chochote kisiuzwe mpaka mavuno yaishe. Nami nikasema nitajaribu kuziba lile shimo kwa besi. Wenzangu walicheka. Mweka hazina akacheka zaidi.

Jaribu kwa koo lako

Kabla ya kushika gitaa, fanya jaribio hili. Tafuta watu wawili wa kwaya, wote wanaume wa sauti nzito. Mmoja aimbe do ya chini kabisa anayoiweza. Aivute bila kuiacha. Mwingine aimbe mi iliyo karibu na do hiyo. Wasikilize. Utasikia mngurumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Ni vigumu kujua nani anaimba nini.

Sasa mwanamume wa kwanza abaki na do yake ya chini. Yule wa pili apumzike. Mwite mwanamke au mtoto aimbe mi, lakini mi ya juu. Sikiliza tena. Sauti mbili zimekuwa safi. Kila moja inasikika, na zote mbili zinapendana.

Do ni ile ile. Mi ni mi. Kilichobadilika ni umbali kati yao.

Hiyo ndiyo siri ya kupiga sauti mbili katika besi. Sauti nzito ni kama watu wanene. Watu wawili wanene wakitaka kupita kwa pamoja katika mlango mwembamba, watakwama. Mmoja akiwa mwembamba, watapita. Wenye kutunga nyimbo za kwaya wanalijua jambo hili. Ndiyo maana mara nyingi sauti ya nne hukaa chini mbali kidogo, nazo zile nyingine tatu hukaa karibu karibu huko juu.

Sababu yake inaweza kuelezwa kwa hesabu, nayo si hesabu ngumu.

Uzi wa gitaa ukipigwa hutikisika. Huenda huku na huku, upesi hata jicho haliwezi kuhesabu. Uzi mnene kuliko zote katika besi, ukipigwa bila kukandamizwa, hutikisika mara 41 hivi katika sekunde moja. Sekunde moja ni kama pigo moja la moyo wako. Uzi unaofuata hutikisika mara 55. Wa tatu mara 73. Uzi mwembamba kuliko zote hutikisika mara 98. Kadiri mitikisiko inavyokuwa michache, ndivyo sauti inavyokuwa nzito.

Tuseme do yetu hutikisika mara 49. Mi iliyo karibu nayo hutikisika mara 62 hivi. Toa 49 katika 62, unapata 13. Maana yake ni kwamba sauti hizo mbili hukutana na kuachana mara 13 kila sekunde. Sikio haliwezi kuzitenganisha vizuri. Linasikia mkwaruzo tu, kama trekta linalonguruma ng'ambo ya mto.

Mi ya juu hutikisika mara 123 na nusu. Hiyo iko mbali na 49. Sikio linazipokea kama wageni wawili, kila mmoja na jina lake.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalipenda sana. Uzi ukitikisika mzima, wakati huo huo hutikisika pia kwa vipande. Hutikisika kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kwa sehemu ya tano. Kwa hiyo ndani ya sauti moja nzito mna sauti nyingine ndogo ndogo. Zidisha 49 mara 5. Unapata 245. Sasa ichukue ile mi ya juu, uizidishe mara 2. Unapata 247. Tazama jinsi zilivyokaribiana! Ile mi unayoiongeza kwa kidole chako haiingii kama mgeni kabisa. Ndugu yake alikuwa tayari ndani ya do, akinong'ona.

Mahali pa vidole

Shingo ya besi ina vyuma vyembamba vilivyolazwa kwa kukata upana wake. Mimi nitaita nafasi iliyo kati ya chuma na chuma "chumba". Chumba cha kwanza ni kile kilicho karibu na kichwa cha gitaa, kule nyuzi zinakofungwa. Hesabu kutoka huko kuja mwilini.

Weka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto katika chumba cha tatu cha uzi mnene kuliko zote. Hiyo ni do yetu, ile ya 49. Weka kidole cha kati katika chumba cha nne cha uzi mwembamba kuliko zote. Hiyo ni mi ya juu. Nyuzi mbili za katikati zisilie. Zilalie kidogo kwa tumbo la kidole cha shahada, bila kuzikandamiza.

Sasa mkono wa kulia. Uzi mnene upige kwa kidole gumba. Uzi mwembamba uvute kwa kidole cha kati. Vyote viwili kwa wakati mmoja, kama mtu anayechukua chumvi kidogo kwenye bakuli.

Umesikia? Hizo ni sauti mbili, na hazigombani. Wanamuziki huuita umbali huo "ya kumi". Hesabu mwenyewe kwa vidole: do, re, mi, fa, so, la, ti, do, re, mi. Ni kumi.

Ukiwa na do, bado unahitaji fa na so. Nyimbo nyingi sana za dansi na za kanisani hutembea katika nyumba hizo tatu tu. Kwa fa, sogeza mkono mzima mpaka chumba cha nane cha uzi mnene na cha tisa cha uzi mwembamba. Kwa so, chumba cha kumi na cha kumi na moja. Umbo la mkono halibadiliki. Ni kama kuhamisha ngazi ile ile kutoka mti mmoja hadi mwingine.

Je, wimbo ukiwa wa huzuni? Hapo vidole viwili vikae katika chumba kimoja, kila kidole katika uzi wake. Kwa re, chumba cha tano na cha tano. Kwa mi, cha saba na cha saba. Kwa la, piga nyuzi zote mbili wazi bila kukandamiza chochote. Chumba kimoja tu mbele au nyuma, na wimbo unatoka furaha kwenda msiba. Nimepiga gitaa miaka mingi, na jambo hili bado linanishangaza.

Umbali mwingine upo. Unaweza kupiga do na so, au do na do ya juu. Hizo zinasikika safi hata kama ziko chini kidogo, lakini hazielezi kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni. Kwa shimo letu hazikutosha. Unaweza pia kupiga do na mi za karibu, lakini nenda nazo juu kabisa ya shingo, karibu na mwili wa gitaa. Huko mitikisiko ni mingi na sauti zina nafasi ya kupumua. Chini, karibu na kichwa cha gitaa, usizijaribu.

Si jambo geni

Usidhani jambo hili nimelizua mimi. Kupiga sauti ya chini na ya juu kwa pamoja ni desturi ya zamani. Wagogo wa Dodoma hupiga ilimba kwa vidole gumba vya mikono miwili, na mtu mmoja husikika kama watu wawili. Huko Katanga, mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi kijana aliyeitwa Mwenda Jean-Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Mwenda alipiga gitaa la kawaida, si besi. Kidole gumba kilishika sauti za chini na kidole cha shahada kikaimba juu. Wapigaji wengi wa Kenya na wa kwetu walimfuata.

Gitaa la besi la umeme lenyewe si la zamani sana. Kabla yake palikuwa na besi kubwa ya mbao, ndefu kupita mtu, iliyosimamishwa chini. Mwaka 1951 Leo Fender wa California, Marekani, alianza kuuza besi ya umeme ya kubeba begani, yenye vyuma shingoni. Ni vyuma hivyo vinavyotusaidia leo kuziweka sauti mbili mahali pake hasa.

Mfano ulio maarufu kuliko yote wa ile "ya kumi" ulipigwa London mwaka 1972. Mwimbaji Lou Reed wa Marekani alikuwa akirekodi wimbo wake uitwao "Walk on the Wild Side". Mpiga besi alikuwa Mwingereza, Herbie Flowers. Kwanza alipiga ile besi kubwa ya mbao. Kisha akapiga besi ya umeme juu yake, akikaa umbali wa kumi. Wimbo ule hauna vyombo vingi, lakini mtu akisikia mwanzo wake tu anautambua. Flowers alipenda kueleza kwamba mtu aliyepiga vyombo viwili alilipwa zaidi. Yeye alitumia besi mbili. Sisi huku tunayo moja, basi tunagawana vidole.

Yale mazoezi

Nilifanya mazoezi kila jioni baada ya shamba. Wiki ya kwanza mkono wa kushoto uliuma. Shingo ya besi ni ndefu, na vidole vinatanuka kuliko vilivyozoea. Nakuambia hili ili ujihadhari. Uchovu wa misuli ni wa kawaida. Lakini ukisikia maumivu makali katika kifundo cha mkono, au ganzi vidoleni, weka gitaa chini. Pumzika siku hiyo. Mkono ule ule ndio unaoshika jembe kesho. Mimi nilianza kwa dakika kumi, nikaongeza kidogo kidogo.

Mzee wa tumba alikuja siku moja kusikiliza. Alikaa juu ya gogo, akafumba macho. Nilikuwa napiga sauti mbili kwa pamoja katika kila pigo. Nilipomaliza aliniambia, "Mwanangu, mbona unawafanya waseme kwa pamoja kila mara? Hata watu wakizungumza, mmoja huuliza na mwingine hujibu."

Nilimwelewa mara moja. Tangu siku hiyo napiga sauti ya chini kwanza, pale mguu wa mchezaji unapogusa ardhi. Sauti ya juu inaitikia baadaye, pale rithimu ilipozoea kukata. Ile ya chini naiacha iendelee kulia. Kwa hiyo zote mbili ziko hewani, lakini hazikuzaliwa kwa pamoja. Mwisho wa mstari, mwimbaji anapovuta pumzi, hapo ndipo ninapozipiga kwa mara moja. Mtu ambaye hakupata kushika gitaa hata siku moja ndiye aliyenifundisha hilo.

Mwimbaji naye alipata mahali pa kuegemea. Ile mi ya juu ilimwonyesha njia. Nyimbo za polepole zilikaa vizuri. Nyimbo za haraka zilitushinda nyingine, kwa sababu mkono hauwezi kuruka kutoka chumba cha tatu hadi cha kumi kwa upesi ule. Katika hizo narudi kwenye sauti moja, na mpiga solo anashuka kidogo kunisaidia. Tuliziacha nyimbo mbili kabisa. Watu bado wanaziomba.

Baada ya mavuno tulikaa tena. Hatukusema maneno mengi. Tulipiga nyimbo tatu hapo hapo uwanjani, chini ya mwembe. Watoto walikuja, halafu mama zao. Mweka hazina alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba tumeshinda. Alisema, "Besi isiuzwe mwaka huu. Mwakani tutaona." Mwaka uliofuata hakuna aliyelitaja jambo hilo. Kinanda hatukununua. Yule kijana wa spika na simu bado anapata harusi nyingi kuliko sisi, na sioni kama hilo litageuka. Lakini wako watu wanaotaka kuona mikono ikipiga, na hao wanatosha kumpa mzee wetu kazi yake.

Mwenzetu wa rithimu alikuja likizo wakati wa Krismasi, akaja na gitaa lake. Alipoanza kupiga, niliiacha sauti ya juu mara moja. Wapigaji wengine wa besi, wakishajua jambo hili, hawawezi kuliacha. Hupiga sauti mbili mbili hata pale rithimu lipo, hata pale kinanda kipo. Hapo katikati panajaa kupita kiasi, na mwimbaji hasikiki. Kwangu mimi huo ni ulafi. Katikati ya wimbo ni kama sahani moja ya watu wengi.

Neno moja zaidi kuhusu spika. Sisi tunatumia betri ya volti 12 inayochajiwa kwa paneli ya jua, na spika yetu ni ndogo. Sauti nzito huusukuma sana ule utando wa spika. Ukiongeza sauti ya pili juu yake, unausukuma zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kuanza kupiga mbili, punguza kidogo nguvu ya amplifaya. Weka kiganja karibu na spika bila kuigusa. Ukisikia upepo mkali unapiga kiganja na sauti inapasuka, punguza tena. Halafu mtume mtoto asimame mwisho wa uwanja. Kama yeye anazisikia sauti zote mbili kutoka huko, inatosha. Utando ukishachanika, fundi wa karibu kwetu yuko safari ya basi ya saa tatu, nayo barabara wakati wa masika haipitiki kila siku.